Redio Itakayolitaja Jina Langu

Jumatano, 5 Machi 1958

Jioni nimepanga viti sita uani kama kawaida. Chungu cha pombe ya busaa katikati, mirija sita. Walikuja wangapi? Mmoja! Mzee Isabirye peke yake. Na huyo Isabirye amekaa kwa sababu kiatu kilimbana, hakuweza kufika alikokuwa anakwenda.

Alikokuwa anakwenda ni kwa Marjan. Wote wako kwa Marjan! Huyu ni Mnubi, sajini mstaafu, nyumba ya nne kutoka kwangu hapa mtaa wa Namakwekwe, Mbale. Amenunua redio ya betri. Ameiweka barazani juu ya kitambaa cha maua kama bibi harusi. Wazee wa mtaa mzima wanakaa mbele yake kimya, wanakunywa chai ya tangawizi. Chai! Wazee wa Kigisu waliozeekea kwenye mrija wa busaa wanakunywa chai ili wasikie bei ya pamba kutoka Kampala.

Miaka minane walikuwa wananisikiliza mimi. Niliwasimulia nilivyobeba mabegani bunda la waya wa simu katika vita vya Wajerumani, mpaka Tabora. Niliwasimulia habari ya chui wa Iganga, mwaka wa thelathini na moja: mimi juu ya nguzo, chui chini. Au chui juu, mimi chini. Inategemea siku.

Basi nimekwenda huko mwenyewe. Si kusikiliza. Kuwakusanya tu. Nikawaambia redio ya dukani inasema na kila mtu, kwa hiyo haisemi na mtu yeyote. Mimi nitatengeneza yangu kwa mikono yangu, nayo itaniita kwa jina. Marjan akacheka mpaka kofia ikasogea. Akaniuliza, afande wa mizigo, itakuita au itakuzomea? Nikasema Jumapili ya wiki ijayo, saa kumi na moja jioni, itasema Yekosofati, na atakayetaka kusikia aje uani kwangu. Akauliza, isiposema? Mdomo wangu ukajibu kabla yangu. Nikaapa mbele ya wote kwamba isiposema nitabeba kiti changu mwenyewe mpaka kwenye baraza yake, nikae hapo mwezi mzima bila kusimulia kitu. Hata kidogo. Marjan akasema ni sawa kabisa, Ramadhani inaingia wiki hiyohiyo. Yeye atafunga chakula, mimi nitafunga mdomo.

Mwezi mzima! Hata Wajerumani hawakunifanyia hivyo.

Namono, mke wangu, mama wa binti yetu Nafuna aliyeolewa Busiu, alisimamisha cherehani akaniuliza kama najua redio inavyotengenezwa. Nimemwambia miaka ishirini na sita nilikuwa fundi wa laini za simu. Akasema simu si redio. Nikamwambia redio ni simu iliyokosa waya. Kitu kilichopungukiwa kitamshindaje mtu aliyekizoea kikiwa kamili? Alirudi kwenye cherehani.

Ijumaa, 7 Machi

Jinja! Omollo amenipa nafasi mbele kwenye lori lake. Ni mtu wa Kisumu, anasafirisha chumvi, kila mara yuko kati ya Mbale na Jinja. Njiani nimemweleza kasoro za kila nguzo ya simu tangu Busiu. Tulipofika Iganga alianza kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa. Dereva mwenye moyo mwema, lakini hapendi elimu.

Nimemkuta Bwana Tarlochan Singh nyumbani kwake. Fundi mashine wa kiwandani, tunajuana tangu siku nilizokuwa navuta laini mtaani kwao. Huyu ana ugonjwa wa redio. Nyuma ya nyumba ana chumba kizima cha mitambo, ana leseni ya serikali, na kila jioni anaongea angani na watu wa Nairobi, Bombei, Uingereza. Wote wanafanya kwa kupenda tu. Hakuna anayelipwa, hakuna anayeuza kitu. Nimemuuliza wanaambiana nini. Akasema wanaulizana kama wanasikiana. Basi? Basi. Nimeupenda sana mchezo huu.

Nikamweleza kiapo changu. Alijikuna ndevu kwa muda. Akakubali: Jumapili ile, saa kumi na moja kamili, atalitaja jina langu angani kwa Kiswahili. Amenipa valvu moja, yaani taa ya kioo yenye miguu saba, koili ya waya, betri, visikilizio vya kuvaa masikioni na vipande vingine vidogo ndani ya bati la biskuti. Lakini ubao, akasema, nitengeneze mwenyewe. Ndiyo desturi ya hao wapenzi wa redio. Mgeni hahesabiwi mwenzao mpaka alete ubao wa mkono wake.

Ubao huu ni jambo jipya. Zamani ndani ya redio waya zilijazana kama utumbo wa mbuzi. Sasa kuna kibao chembamba, upande mmoja kimepakwa shaba. Unachora njia juu ya shaba kwa rangi isiyopitisha maji, unakizamisha katika dawa, dawa inakula shaba yote isiyochorwa. Zinazobaki ni njia, na njia ndizo waya. Halafu unatoboa matundu, vipande vinakaa upande usio na shaba, miguu yao unailehemu upande wa shaba. Bwana Tarlochan ana vibao viwili tu vilivyotoka Uingereza. Amenipa kimoja.

Ameniambia mchoro wake umechorwa kama mtu anayetazama upande wa shaba. Niunakili kama ulivyo, nisiugeuze. Akanipa na unga wa rangi ya kutu wa hiyo dawa, akasema niukoroge kwa maji katika chombo cha udongo au kioo, si sufuria. Naandika haya ili ijulikane kwamba aliyasema. Mimi niliitikia tu, mdomoni nilikuwa na chapati ya mke wake.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nzima nimeutazama mchoro. Mchoro nao umenitazama. Nilisoma misheni miaka miwili. Wengine husoma miaka kumi na miwili wasielewe kitu. Mimi miwili ilitosha. Lakini mchoro huu una mistari kama uso wa bibi kizee.

Saa sita, ghafla, nikaelewa! Ni barabara! Betri ni Jinja, maana umeme wote unatoka kwenye bwawa la Jinja. Valvu ni Tororo, njia panda. Koili ni Busiu. Visikilizio ni Mbale, ambako mimi nakaa nikisikiliza. Namono akauliza mbona Tororo ina matundu saba. Nikamwambia hajawahi kufika Tororo siku ya soko.

Na hapohapo nikaliona kosa. Kosa kubwa! Bwana Tarlochan ameweka betri upande wa kulia na visikilizio upande wa kushoto. Yaani Jinja iko mashariki ya Mbale! Mtu amekaa Jinja miaka yote hiyo, hajui jua linazama upande gani. Nimetoka nje kuhakikisha. Mlima Masaba wa mashariki ukiwa mkono wangu wa kulia, Jinja iko kushoto. Haijahama.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wahenga hao hawakuwa na miaka ishirini na sita kwenye laini. Nimechukua karatasi ya mchoro, nikaipaka mafuta ya kupikia mpaka ikaonyesha kama kioo, nikaigeuza. Sasa Jinja iko mahali pake. Kazi ya nusu dakika, na nimemwokoa Bwana Tarlochan na aibu ya maisha.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Mungu anaona ninachofanya.

Rangi isiyopitisha maji: lami. Kwenye barabara ya Tororo kuna mapipa ya watengeneza barabara. Nilijichotea kikopo, nikailegeza kwa petroli, nikachora kwa unyoya wa jogoo. Mstari wangu haukupinda. Ulipinda Tororo tu, maana ni pembamba pale.

Nilipokwenda kunawa, kuku alipita juu ya ubao. Amefungua barabara mpya kutoka Busiu moja kwa moja hadi Jinja. Nimeikwangua kwa kisu. Kuku yule ataliwa.

Isabirye alipita kunijulia hali. Anasema kwa Marjan wanahesabu siku kwa punje za maharage, na kila jioni punje moja inaondolewa mbele ya redio. Nikamuuliza yeye yuko upande gani. Akasema yuko upande wa chai, lakini moyoni yuko nami.

Jumatatu, 10 Machi

Chombo cha udongo! Chombo cha udongo ni cha wanawake. Dawa ya kula shaba ni kazi ya chuma. Nimechukua sufuria kubwa ya Namono, ile mpya inayong'aa, nikatia maji, nikatia nusu ya ule unga wa rangi ya kutu.

Ikanguruma. Naandika kama ilivyokuwa: sufuria ilinguruma! Ikatoa moshi, ikachemka bila moto, na kabla sijatia ubao nikaona nyasi kupitia chini yake. Dawa iliyotakiwa kula shaba imekula sufuria. Kosa la sufuria. Za siku hizi ni nyepesi mno.

Namono hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliinua sufuria usawa wa jicho, akaniangalia kupitia tundu lile kwa muda mrefu, akaitundika ukutani juu ya kitanda chetu. Akasema hapo nitaisalimia kila asubuhi.

Nusu ya unga iliyobaki nimeikoroga katika chungu kikuukuu. Si kwa sababu ya maneno ya Bwana Tarlochan. Sufuria zilikuwa zimekwisha.

Imekubali! Baada ya saa moja na nusu shaba yote imeliwa, njia zimebaki. Nimeifuta lami kwa mafuta ya taa, zikatokea zinang'aa. Jinja, Tororo, Busiu, Mbale! Sijaona kitu kizuri hivi tangu Nafuna azaliwe. Vidole vyangu vimekuwa vya rangi ya machungwa na rangi haiondoki kwa sabuni. Nimepita mbele ya baraza ya Marjan polepole, mikono nyuma, ili wavione. Marjan akauliza kwa sauti kama nimeanza kupaka hina, na harusi ni lini.

Jumatano, 12 Machi

Jana nimetoboa matundu kwa keekee na leo nimelehemu. Chuma cha kulehemu nakipasha kwenye jiko la mkaa la Namono, na maharage yake yanangoja pembeni. Amesema kitu kuhusu maharage. Sikusikia, nilikuwa kazini.

Saa tisa kila kitu kilikuwa mahali pake. Nikafunga betri. Valvu ikawaka ndani, wekundu mdogo tu, kama jicho la paka. Inaishi! Nikavaa visikilizio.

Kimya.

Si kimya cha kawaida. Ni kimya cha ndani ya kaburi. Nimegeuza kitufe cha koili kulia na kushoto. Nimepuliza. Nimepiga kwa kidole, kisha kwa kijiko. Kimya.

Nikafikiri sana. Mtaa mzima una sauti kiasi fulani tu angani, na kuna redio moja kubwa inayozivuta zote. Ya Marjan! Nikaenda kumwambia aizime. Wazee wote walikuwapo. Marjan akasimama, akapiga saluti, akaizima kwa adabu kabisa, akasema amri imetekelezwa afande, nirudi nikavute hizo sauti zilizobaki. Nikarudi mbio. Kimya. Baada ya nusu saa nikasikia wazee wakicheka kwa mbali, bila visikilizio.

Alhamisi, 13 Machi

Zimebaki siku tatu. Sikulala vizuri. Niliota nimekaa barazani kwa Marjan, mtu anasimulia habari za Tabora na anakosea kila kitu, nami siwezi kufungua mdomo.

Asubuhi Namono alichukua ubao bila ruhusa, akachukua na mchoro wa Bwana Tarlochan, akaviweka bega kwa bega. Akavipima kwa macho kama anavyompimia mteja nguo. Halafu akasema, Baba Nafuna, umekata mkono wa kushoto ukaushona kulia. Nikamuuliza anasema nini. Akasema kitambaa kina uso na mgongo, na mimi nimekata uso kwa kipimo cha mgongo. Ile valvu ina miguu saba kwa mpangilio, na mpangilio wangu unazunguka kinyume, kwa hiyo mguu wa kuingia umekaa mahali pa mguu wa kutoka. Akasema ubao haujaharibika. Mkono wa blauzi ukikataliwa upande huu unaupindua, unashonea upande wa pili. Valvu ihamishwe ikae upande wa shaba, basi.

Nimecheka. Nimemwambia nguo haina umeme. Nimemwambia pia Bwana Tarlochan mwenyewe alisema vipande vikae upande usio na shaba. Akauliza, na kuhusu kugeuza mchoro alisema nini? Nikamwambia tusichanganye mambo.

Shida ni waya wa angani, ule wa kunasa sauti niliofunga mtini. Uko chini mno! Sauti zinapita juu yake kama korongo. Nitaupandisha.

Mchana Omollo alisimama na lori akielekea Jinja. Namono alimsindikiza mpaka mlangoni pa lori akimweleza jambo refu, ana mkono wa blauzi anaupindua nje ndani, ndani nje. Omollo akaitikia kwa kichwa. Habari za nguo za mke wake, bila shaka. Wanawake hawajui wakati wa dhiki.

Ijumaa, 14 Machi

Marjan amekuja mwenyewe. Ametoka msikitini, kanzu nyeupe, ana manukato. Amekaa kwenye kimoja cha viti vyangu vitupu, akatazama vile vingine vitano. Akasema, Yekosofati, tuache mzaha. Njoo kwangu tu, ukae na wenzako, hakuna kiapo, hakuna kufunga mdomo. Wazee wanakuulizia. Nikamuuliza wananiulizia nini. Akasema, wanauliza kama u mgonjwa.

Nimemjibu kwamba mtu wa laini hashuki nguzoni kabla waya haujakaa. Akasema ni maneno mazuri. Akainuka. Mlangoni akageuka akasema amenitengea nafasi karibu na spika, maana anajua sikio langu la kushoto limechoka.

Sikio langu halina kitu! Amenitukana kwa upole. Hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Jumamosi, 15 Machi

Ushindi! Ushindi!

Nimepanda mkalitusi mrefu nyuma ya nyumba kwa viatu vyangu vya kupandia nguzo. Miaka sitini na kitu, na sikuteleza ila mara mbili. Kutoka juu niliona mabati yote ya Namakwekwe, na baraza ya Marjan, na vichwa vyao. Niliwapungia. Hakuna aliyeinua macho.

Nikiwa juu nikaona lori la Omollo limerudi kutoka Jinja. Akaingia uani, akasema na Namono, wakainama wote wawili juu ya jiko. Nilidhani anapewa chakula. Nimefunga waya wa angani futi mbili juu zaidi ya zamani, nikaukaza vizuri, nikapumzika kidogo kwenye tawi. Kushuka kulichukua muda. Kwa kweli Omollo ndiye aliyeleta ngazi.

Nikakuta valvu yangu imehamia upande wa pili wa ubao! Imekaa juu ya shaba, miguu imekunjwa nje kama buibui. Namono akasema alikuwa anafuta vumbi, ikachomoka, na Omollo, ambaye hulehemu rejeta ya lori lake njiani kila siku, akairudisha pale palipokuwa na nafasi. Nimewakaripia wote wawili. Nimewaambia ufundi si kuchomeka tu kitu popote. Omollo alikuwa anatazama viatu vyake na mabega yanamtetemeka. Ana haya, kijana yule. Amezidi arobaini lakini bado ana haya.

Nikavaa visikilizio ili kuwaonyesha uharibifu walioufanya. Na nini? Ngurumo! Mluzi! Kisha muziki, kwa mbali, na mtu akisema lugha nisiyoijua! Inasema! Inasema!

Futi mbili! Futi mbili tu za waya wa angani! Nilijua tangu mwanzo. Nimemweleza Namono kwa kirefu jinsi urefu unavyofanya kazi, naye akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama sasa anaweza kurudishiwa jiko.

Jumapili, 16 Machi

Naandika yote kwa utaratibu, maana watasema vingine.

Saa kumi na nusu walikuwa wameshafika. Wote! Wazee wa chai, Isabirye, majirani na wake zao. Marjan amekuja na kiti chake mwenyewe, akasema hicho atanikopesha nikibebe kesho. Ubao uko mezani. Niliwaonyesha kwa kijiti: hii Jinja, hii Tororo, hii Busiu. Walivutiwa sana. Mmoja alitafuta kijiji cha mkwe wake.

Saa kumi na moja kasoro dakika mbili nikavaa visikilizio. Hapo ndipo wazee wakagundua kwamba sauti iko masikioni mwangu tu. Manung'uniko. Nikanyanyua mkono wanyamaze. Mluzi. Ngurumo. Moyo wangu ulipiga kuliko redio.

Kisha, wazi kabisa, kama mtu aliye nyuma ya mlango: Yekosofati wa Mbale, Yekosofati wa Mbale, hapa ni Tarlochan, Jinja.

Siwezi kuandika nilivyojisikia. Mwanamume halii. Lami ile ya Jumapili iliyopita bado inachoma macho.

Nikasimama, nikasema amenitaja! Marjan akasema hata yeye akivaa chuma kichwani anaweza kutajwa na yeyote amtakaye. Akauliza, haya, anasema nini sasa? Nami nilikuwa nasikia anachosema. Alikuwa anasema, mzee, ubao wako uligeuzwa, Mama Nafuna ameniletea swali kwa Omollo, na nimejibu kwamba yuko sahihi, valvu ikae upande wa shaba. Alikuwa anasema kwamba katika miaka kumi ya mchezo huu hajaona jicho kama la mama huyu.

Nikawafasiria wazee. Nikasema, anasema kwamba Uganda nzima hakuna ubao kama huu. Anasema Nairobi wametaharuki. Anasema waya wa angani wa namna hii ameusikia mara moja tu, kwa Mwingereza.

Wazee wakaguna kwa heshima. Isabirye akapiga makofi. Laiti ningeishia hapo! Lakini Marjan akamwomba Namono beseni la bati. Akasema jeshini walipokuwa watu kumi na kisikilizio kimoja walifanya hivi. Akanivua visikilizio kwa adabu, kama anayemvua mgeni kofia, akaviweka ndani ya beseni. Beseni likaanza kusema! Sauti ndogo, ya bati, lakini kila mtu aliisikia.

Na hawa wapenzi wa redio, kwa sababu ya ngurumo za angani, hawasemi jambo mara moja. Desturi yao ni kusema mara tatu.

Narudia, likasema beseni. Ubao wa mzee Yekosofati uligeuzwa. Mama Nafuna ndiye aliyegundua. Narudia. Mama Nafuna ndiye aliyegundua. Mkono wake ni wa fundi. Mzee, mpe mama salamu zangu, na mnunulie sufuria.

Hapo uani kote kukapasuka vicheko. Mzee mmoja alianguka na kiti. Marjan alicheka bila sauti, amejishika ubavu, machozi yanatiririka mpaka kwenye kanzu. Namono alisimama mlangoni akajifuta mikono kwenye aproni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akanitabasamia.

Marjan ni mtu wa kanuni. Alipopata pumzi akasimama akatangaza kwamba kiapo kilikuwa jina, na jina limetajwa, na kila sikio ni shahidi. Afande Yekosofati ameshinda. Mdomo wake uko huru.

Imeandikwa: nimeshinda.

Jumanne, 18 Machi

Viti havitoshi! Jana watu kumi na mmoja, leo kumi na wanne. Baraza ya Marjan ni tupu, na Marjan mwenyewe amekuja na birika lake la chai, anakaa karibu na chungu cha busaa kama balozi wa nchi nyingine. Niliwaambia watarudi. Wamerudi. Kwa nani? Uani kwa nani?

Nilianza na Tabora. Nilipofika pale tulipovuka mto, Isabirye aliniomba, kwa heshima zote, nipunguze sauti, kwa sababu Namono alikuwa amefika kwenye mkono wa blauzi. Wanamfanya asimulie tena. Hii ni mara ya tano. Amekaa kwenye kiti changu kwa sababu ndicho chenye mgongo, anapindua mkono nje ndani, na wazee waliopigana vita viwili wanashika vichwa vyao kama hawajawahi kuona nguo. Mke wa jirani ameleta saa ya ukutani isiyokwenda, Namono aitazame upande wa pili. Marjan ameuliza kama anaweza kumletea redio yake, kuna mahali inakwaruza.

Wanacheka sana. Wamefurahi kwa ajili yangu.

Nimeelewa mpango wao. Mambo madogo yanatangulia, makubwa yanafuata. Namono anawatayarisha. Zamu yangu haijafika tu.

Kwa hiyo nimekaa huku nyuma ya banda la kuku, pametulia, namwandikia barua Bwana Tarlochan. Nimemwambia nimemsamehe kosa la kuiweka Jinja mashariki. Nimemwomba kibao chake cha pili. Safari hii si redio ya kusikia. Ni ya kusema! Nitasimulia Tabora yote angani, mpaka Bombei, mpaka Uingereza, na huko hakuna mtu wa kuniambia nipunguze sauti. Habari za leseni tutazizungumza baadaye.

Mchoro nimeshauanza, karatasi ya mafuta iko tayari. Safari ile niligeuza mara moja tu, na matatizo yakawa mengi.

Safari hii nageuza mara tatu.